Chini ya Mia Mbili Arobaini

Free Area, Nakuru
10 Februari 2025

Bwana Jamleck Karanja,

Salamu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ulijitoa kwenye grupu ya WhatsApp ya klabu, na katiba yetu inasema onyo la tatu lazima liwe la maandishi. Naiacha barua hii kwa ile agrovet ya Bahati unakonunua dawa ya ng'ombe, ili usije ukasema haikufika.

Jumamosi iliyopita uliirusha jeti yako kwenye uwanja wetu kwa Mzee Mbugua. Kemboi alikuwa amesimama kando na kifaa cha kupimia spidi. Mara ya kwanza ulipita kwa kilomita 291 kwa saa. Mara ya pili, 318. Sheria ya klabu ni 240, na haikutungwa na mimi peke yangu. Wanachama wote walipiga kura, na wewe ulikuwepo, ukala mandazi ukanyamaza.

Najua watu wengine hucheka wakisikia wazee tunagombania ndege za rimoti. Lakini hicho chako si kitu cha watoto kuchezea. Kina uzito wa kilo kumi na nne na injini inayochoma mafuta ya taa. Kwa kilomita 318, kikikosea njia, hakuna mtu atakayepata nafasi ya kuinama.

Nilikupungia mkono uje tuongee, ukaenda zako kama mtu asiyeniona. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, nimedharauliwa na wataalamu wa kudharau. Kwa hivyo hilo nimelisamehe. Spidi sijaisamehe.

Nangoja jibu lako.

Edinah Namalwa
Afisa wa Usalama wa Klabu

*

Bahati
14 Februari 2025

Mwalimu,

Barua nimepata. Yule msichana wa agrovet alinipa mbele ya watu wanne, akaniuliza kama nimeshtakiwa.

Sasa nikuulize na mimi. Miaka tisa nimerusha ndege hapo kwa Mbugua. Nimeangusha ngapi? Hakuna. Kemboi ambaye umemwekea hicho kifaa ameangusha tano, na moja ilimwangukia ng'ombe mgongoni. Zote zilikuwa zinaenda pole kuliko pikipiki. Hatari ni nani hapo, mimi au Kemboi?

Hiyo 240 mliitoa kwa kitabu cha watu wanaoishi karibu na bahari. Sisi tuko juu, hewa yetu ni nyepesi. Jeti ukiipunguza sana huku inakosa kitu cha kushikilia inaanguka kama jiwe. Mwalimu wa fizikia anafaa kujua hiyo kuliko mimi mkulima wa maziwa. Mimi naiwekea moto kwa sababu ikiwa na moto inanitii. Ikiwa polepole hainitii.

Na kwa heshima, wewe mwenyewe hujawahi kurusha jeti. Unarusha kile kidege chako cha foamu, kinazunguka kama kuku aliyepotea, halafu unakaa chini kuniandikia mimi sheria. Mtu anayejua kazi hawekewi kipimo sawa na asiyejua.

Mke wangu Becky anakusalimu. Anasema uwanja una vumbi sana siku hizi.

J. Karanja

*

Free Area
19 Februari 2025

Bwana Karanja,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili chai yangu ikapoa.

Hewa nyepesi naielewa. Kwa hesabu yangu jeti yako inaanza kuanguka ikifika karibu kilomita tisini. Kati ya tisini na 240 kuna nafasi ya kutosha kabisa mtu kuonyesha ujuzi wake. Kupita kwa moto wote katika mstari ulionyooka hata Kemboi angeweza, kama angekuwa na jeti na wazimu kidogo. Ujuzi unaonekana mtu akipunguza. Akiigeuza taratibu, akiileta chini, akiiweka mahali alipokusudia. Hayo sijakuona ukiyafanya tangu mwaka juzi. Siku hizi unapita, unapaa, unapita tena, kisha unatua kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Wewe ndiye rubani bora tuliye naye. Ndiyo maana unanichosha. Ukivunja sheria wewe, wote wataivunja, na wao hawana mikono yako.

Tarehe 15 Machi tuna siku ya wageni. Familia zinakuja kutoka Bondeni, kutoka Free Area, na majirani wote wa Mbugua. Nataka uwe wa mwisho kuruka, wakati watu wote wametulia. Sharti ni moja: usipite 240 hata kwa sekunde. Ukikataa, hutaruka siku hiyo wala siku nyingine mwaka huu. Komiti imeshakubali.

Edinah Namalwa

*

Bahati
27 Februari 2025

Mwalimu,

Sawa. Nitapunguza. Becky ameshawaambia dada zake wote kwamba nitaruka, na amejitolea kupika chai ya wageni. Siwezi kukaa chini kama mtu aliyefungiwa.

Lakini na mimi nina sharti langu. Nikiruka, uwanja uwe kimya. Spika izimwe, jenereta izimwe, na yule mtu wa kutangaza anyamaze. Watu wakitaka kuongea waongee wakiwa kwa magari. Usiniulize ni kwa nini. Wewe unayo masharti yako na mimi sikukuuliza.

J. Karanja

*

Free Area
17 Machi 2025

Bwana Karanja,

Sijalala vizuri tangu Jumamosi, kwa hivyo ukiona maneno makali, yachukue yalivyo.

Nataka maelezo ya maandishi kuhusu ajali. Nakuandikia hapa niliyoyaona mimi, nawe uniambie ni wapi nimekosea.

Saa tisa na dakika kumi ulipaa vizuri. Ulipita mbele ya wageni mara mbili. Kemboi alisoma 214, kisha 207. Nilifurahi, naomba unielewe, nilifurahi kabisa. Nilimwambia Jepkoech aliyekuwa akirekodi video, "Unaona? Akitaka anaweza." Kisha ukaizungusha mbali, kule juu ya miti ya mikaratusi ya Mbugua, ukapunguza moto ili uilete itue. Ilianza kuja. Badala ya kufuata uwanja, ikalalia upande wa kulia. Nilidhani unaigeuza makusudi. Haikurudi. Nilikuita jina mara mbili. Ulikuwa umeshika rimoti, uso umeuelekeza kwenye miti, na jeti ilikuwa imeshaiacha miti zamani.

Iligonga nguzo ya hema la chai. Becky alikuwa ameinama kuchukua vikombe, hatua tano kutoka hapo. Nimezipima mwenyewe: tano. Tunashukuru Mungu mafuta yalikuwa yamekaribia kwisha na moto haukushika. Mama mmoja aliumia mkono kwa kuanguka. Basi.

Kuhusu spika. Sharti lako la kimya nililisoma nikaliacha bila jibu. Ulikuja mezani kwangu kabla ya kuruka ukataka nizime, mbele ya wageni, kwa sauti ya kuamuru. Nilikataa. Niliona ni maringo ya mtu anayetaka nchi nzima inyamaze akipita. Naandika hilo ili liwepo kwenye rekodi.

Sasa niambie ni nini kilitokea.

Edinah Namalwa

*

Bahati
20 Machi 2025

Mwalimu,

Ni rimoti. Ilipoteza mawasiliano na ndege. Inatokea hata kwa watu wakubwa.

Ulitaka nipunguze, nikapunguza. Umeona matokeo. Nguzo ya hema nitaleta nyingine.

J. Karanja

*

Free Area
29 Machi 2025

Bwana Karanja,

Rimoti haikupoteza chochote. Mabaki ya jeti yako yapo kwangu, mezani, na kile kisanduku kidogo kinachohifadhi kumbukumbu ya safari hakikuumia. Mawasiliano yalikuwa mazima hadi kwenye nguzo. Kila ulichokifanya kwa vidole, jeti ilikitii. Kwa hivyo umenidanganya, na umenidanganya vibaya, kwa kitu ambacho nina njia ya kukikagua.

Nilikasirika siku mbili. Halafu nikaomba video zote za Jepkoech, za mwaka huu na za mwaka jana, nikaketi nazo wiki nzima.

Upepo ukiinua bawa la ndege, rubani huona na kulirudisha papo hapo. Kemboi hufanya hivyo. Mimi na kidege changu cha foamu hufanya hivyo. Wewe mwaka juzi ulifanya hivyo kuliko sisi sote. Lakini tangu mwaka jana unachelewa, na huchelewi ovyo. Jeti ikiwa mita mia moja kutoka kwako, unachelewa kama theluthi ya sekunde. Ikiwa mita mia tatu, karibu sekunde nzima. Nimepima tena na tena hadi mgongo ukaniuma.

Bwana Karanja, nimeandika ubaoni mbele ya kidato cha pili kwa miaka thelathini na moja kwamba sauti husafiri takribani mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Muda unaochelewa wewe ni muda ule ule ambao mlio wa injini unachukua kukufikia.

Nikatazama kichwa chako. Hakiifuati jeti. Kimeinama upande, sikio mbele.

Nitakuuliza swali moja tu, na sitaliweka kwenye rekodi mpaka unijibu. Jeti yako, huwa unaiona au huwa unaisikia?

Edinah Namalwa

*

Bahati
7 Aprili 2025

Mwalimu,

Nimekaa na barua yako siku saba. Nilitaka kukuandikia ya matusi. Nilianza tatu nikachoma jikoni.

Ninaisikia.

Ni presha ya macho. Daktari mmoja hapo mjini aliniambia mwaka juzi, mwezi wa Agosti. Siko gizani. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Ninaona kama mtu anayechungulia ndani ya paipu: kilicho mbele kabisa nakiona, cha kando hakipo. Upande wa kushoto umeisha zaidi. Ile siku unayosema ulinipungia na mimi nikaenda zangu, kweli sikukuona. Kanisani mzee Adongo alininyoshea mkono kutoka kushoto, nikampita, na sasa watu wanasema Karanja ameanza kiburi. Nikaona heri kiburi. Kiburi ni cha mwanaume. Gari nimeacha kuendesha, nikamwambia Becky ni goti. Alinipa dawa ya kutia machoni, huyo daktari, nikatia mwezi mmoja. Sikuona tofauti, nikaacha.

Sasa ndege. Ndege iko angani, mahali pote ni kando. Nikiitoa kwenye paipu yangu imeenda. Lakini injini ya jeti, Mwalimu, ukiifungulia moto wote inachora. Sijui kama nitaeleza vizuri. Inapiga mstari na mimi naufuata mstari, najua iko wapi, inaelekea wapi, hata imeinamia upande gani. Ndiyo maana nilikuwa naenda 300. Sikuwa naringa. Ikiwa na kelele ninayo. Nikiipunguza, mstari unakwisha.

Halafu wewe ukaniletea 240. Na spika.

Sikulaumu. Ninakulaumu kidogo. Ungezima tu. Lakini kusema ningesema mimi, na sikusema. Ningekataa kuruka na sikukataa, kwa sababu dada za Becky walikuwa wamekaa hapo mbele na miavuli. Nilifika juu ya miti, nikapunguza moto, spika ikaanza wimbo mwingine, na nikawa nimesimama uwanjani na rimoti mkononi kama mtu ameshika kijiko. Nilijaribu kukumbuka iko wapi. Ndiyo ukweli. Nilikuwa natua kwa kukumbuka.

Nikasikia kishindo upande ambao sikutarajia. Watu wakapiga nduru. Nikasikiliza sauti ya Becky. Kila mtu nilimsikia, dada zake nikawasikia, yeye sikumsikia. Sijui ni muda gani. Wewe na hesabu zako unaweza kujua. Halafu akasema, "Vikombe vyangu vyote," na mimi nikakaa chini kwa vumbi.

Hajui. Anafikiri ni rimoti. Usimwambie.

Jamleck

*

Free Area
9 Aprili 2025

Ndugu Jamleck,

Nimesoma. Nililia kidogo, kisha nikakasirika tena, na hasira ndiyo iliyobaki, kwa hivyo vumilia.

Mstari mmoja. Ungeniandikia mstari mmoja tu mwezi wa Februari. "Mwalimu, macho yangu hayako sawa." Badala yake ukaniandikia habari za bahari na kuku aliyepotea, na mimi nikakujibu, tukaenda hivyo hivyo tukijibizana kama wanafunzi hadi hatua tano kutoka kwa mke wako.

Na mimi nina langu. Hizo video zilikuwepo mwaka mzima, sikuziomba. Niliona unatua vibaya, nikakuandikia kwa kukuchoma badala ya kukuuliza. Uliomba kimya nikaona maringo. Nitaiambia komiti hayo jinsi yalivyo, pamoja na spika, na wakitaka kunitoa kwenye wadhifa huu watakuwa na sababu.

Wewe hutarusha tena ndege ukiwa peke yako. Hilo halina mjadala, na najua hutaki kulisikia kutoka kwangu, mtu wa foamu.

Becky nitamficha hadi Ijumaa tu. Yeye ndiye aliyekuwa chini ya lile hema. Ana haki ya kujua ni nini kilimkosa. Mwambie kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo nitakuja Bahati nimwambie mwenyewe. Na hiyo dawa ya macho uliyoiacha, haikuwa ya kukurudishia kilichopotea. Ilikuwa ya kulinda kilichobaki. Daktari hakukueleza, au hukusikiliza?

Edinah

*

Bahati
22 Aprili 2025

Mwalimu Namalwa,

Ni Becky, mke wa Jamleck. Nimeona nikuandikie kwa sababu naona nyumba hii na yako ndivyo mnavyoongea.

Aliniambia Alhamisi ile, sio Ijumaa. Alinikuta nikikamua akasimama mlangoni akaanza na hewa nyepesi, akaenda akaja, akafika machoni wakati ndoo ilikuwa imejaa. Nilimwacha amalize. Halafu nikamwambia nilijua.

Nilijua tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mwalimu, mwanaume akiacha kuendesha pikapu yake kwa sababu ya goti, na hilo goti linapanda mlima kila siku kuangalia ndama, wewe ungefikiri nini? Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikitoa viti njiani. Tukienda kanisani natembea kushoto kwake, mtu akinyosha mkono nampokea mimi. Nilisema atakuwa tayari ataniambia. Nilikuwa nangoja, yeye anangoja, na wewe hapo Nakuru unapima.

Lakini kuhusu jeti sikujua. Nilidhani ile anaiona. Nilidhani ndicho kitu kimoja kimebaki anakiona, kwa vile alivyokuwa akiirusha. Ndiyo maana sikuuliza. Ningeuliza, asingeruka, na nisingekuwa nimeinama hapo kwa hema. Hayo nimeyabeba, sitaki mtu aniambie niyaweke chini.

Alinionyesha barua zako zote. Nilikasirikia nyinyi wawili kwa kipimo sawa. Watu wazima, mmoja amesoma, mwingine ana mikono ya dhahabu, mnatupiana karatasi kwa agrovet.

Jumatano nilimpeleka kwa daktari, nikaendesha mimi. Ni kama ulivyosema. Kilichoenda kimeenda, kilichobaki kinaweza kukaa akitia dawa asubuhi na jioni bila kukosa. Sasa shida ni kwamba hawezi kuitia. Huyu mtu aliyekuwa akituliza jeti kwa kidole kimoja anakaza jicho kama mtoto, dawa inamwagikia shavuni. Kwa hivyo namtilia mimi. Analala kwa kochi, namwambia aangalie juu, ananiambia ninachelewa, namwambia anyamaze. Ndio saa yetu ya kuongea siku hizi. Ameniambia mambo mengi kwa hilo kochi ambayo hakuwahi kuniambia tangu tuoane.

Jumapili ya Pasaka aliitoa rimoti kwa kabati, akaipangusa, akaifunga kwa taulo. Nilimwambia nitaipeleka kwa klabu. Akakataa. Kemboi alikuja kuichukua jana, hakumpa. Anasema atampa Mwalimu mkononi mwake, na sharti uje na kidege chako, kwa sababu hapa nyuma ya zizi kuna nafasi na anataka kukuonyesha jinsi ya kukigeuza. Anasema amekivumilia miaka minne na hawezi tena.

Njoo Jumamosi, saa nne. Dada zangu hawatakuwepo.

Hii barua usiijibu.

Becky